Kuhara Huisha Baada ya Siku Ngapi?

Kuhara kunakomshika ghafla mtu mzima mwenye afya njema kwa kawaida huisha kwenyewe ndani ya siku mbili hadi nne, na ni nadra kuvuka wiki moja. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, wastani ni siku nne au tano, ingawa ukali ukizidi siku hizo hufika nane. Hayo yote hutokea bila dawa yoyote ya kuua vijidudu, kwa kuwa mwili wenyewe ndio unaoumaliza ugonjwa. Hata hivyo, hesabu hiyo hupima muda wa choo kuwa chepesi tu. Haisemi mgonjwa atakuwa katika hali gani siku hizo zikiisha, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Mtoto wa mtaa wa Rhonda mjini Nakuru, au wa Karagita kando ya Ziwa Naivasha, anaweza kufa siku ya pili ya ugonjwa ambao, kwa hesabu ya kawaida, ungeisha siku ya tano.

Shirika la Afya Duniani huita kuhara ile hali ya mtu kwenda haja mara tatu au zaidi kwa siku, choo kikiwa chepesi au cha maji, au kwenda mara nyingi kuliko ilivyo kawaida yake. Mtoto mchanga anayenyonya maziwa ya mama pekee hupata choo laini mara nyingi kwa siku, na hilo si kuhara. Mama hujua kuna tatizo pale choo kinapobadilika ghafla kikawa maji au kikaongezeka kupita desturi ya mtoto wake. Zaidi ya hapo, kuhara hugawanywa kwa namna tatu. Kuna kuhara maji maji kunakoanza ghafla na kuchukua saa kadhaa au siku kadhaa, na kipindupindu kimo humo. Kuna kuhara damu. Kisha kuna kuhara kunakodumu siku 14 au zaidi. Wanaofika siku hiyo ya 14 ni wachache, lakini vifo vyao ni vingi kuliko idadi yao, na ndiyo maana wahudumu wa afya huuliza kila mara: ameanza lini?

Sababu ya ugonjwa kuisha wenyewe imo katika ukuta wa utumbo. Sehemu ya ndani ya utumbo mwembamba imefunikwa na seli zinazoishi siku chache tu. Seli mpya huzaliwa chini, kwenye vishimo vidogo visivyoonekana kwa macho, hupanda taratibu hadi juu ya vinyweleo vya utumbo, na baada ya siku tatu hadi tano zile kongwe hung'oka na kutoka pamoja na choo. Virusi vya rota huingia katika zile seli za juu, zilizokomaa, ambazo ndizo zinazofyonza maji na chakula, na kuziua. Maji yaliyopaswa kuingia mwilini hubaki ndani ya utumbo na kutoka. Seli changa zikipanda na kukomaa, na kinga ya mwili ikishavitambua virusi na kuvizuia, ufyonzaji hurejea. Siku tatu hadi nane za kuhara kwa virusi vya rota ni, kwa sehemu kubwa, muda wa kuota ukuta mpya.

Kipindupindu hufuata njia nyingine. Bakteria wake hawaui seli. Hutoa sumu inayoingia ndani ya seli na kuilazimisha kumwaga chumvi na maji bila kukoma, na sumu hiyo ikishashika haiachii mpaka seli yenyewe ing'oke. Ndiyo sababu mgonjwa wa kipindupindu akishapata maji ya kutosha huendelea kuhara kwa siku kadhaa huku akiwa ameketi, anazungumza na anakula. Aliyeokoka bado anahara. Jambo hilo huwatia hofu jamaa zake, na wengine hudhani matibabu yameshindwa.

Utapiamlo huchelewesha ukuta huo kuota. Mtoto aliyekonda, aliyetoka kuugua surua, au anayeishi na virusi vya ukimwi huhara kwa siku nyingi kuliko mwenzake aliyeshiba, hata wakiwa wamemeza kijidudu kile kile kwenye kikombe kile kile. Kila kuhara nako humpunguzia lishe. Mzunguko huo wa njaa na tumbo ndio unaowaondoa watoto wengi zaidi kuliko ukali wa kijidudu chenyewe.

Muda hutegemea pia ni kitu gani kilichoingia tumboni. Ugonjwa mfupi kuliko yote hutokana na sumu iliyokwisha kutengenezwa ndani ya chakula kabla hakijaliwa. Mtu hula, na kati ya nusu saa na saa nane baadaye anatapika na kuendesha. Kesho yake yuko kazini. Sufuria kubwa ya nyama ya arusi au ya matanga iliyopikwa jioni na kulala jikoni bila kupashwa moto sawasawa huzaa tatizo la namna hiyo: walioila wote huanza kuumwa tumbo saa sita hadi 24 baada ya mlo, na wengi hupona ndani ya siku moja. Virusi vya noro, ambavyo huenea upesi shuleni na gerezani, huchukua siku moja hadi tatu. Aina ya bakteria wa koli inayowapata sana wageni na watoto wadogo humalizika kwa siku tatu hadi tano. Salmonela huchukua siku nne hadi saba, kampilobakta karibu wiki nzima, na shigela, ambayo ndiyo chanzo kikuu cha kuhara damu, siku tano hadi saba. Baada ya hapo huja vimelea visivyo na haraka. Kriptosporidiamu hukaa wiki moja au mbili kwa mtu mwenye kinga nzuri. Giadia huchukua wiki mbili hadi sita, wakati mwingine miezi, huku mgonjwa akijaa gesi, akitoa choo cha mafuta chenye harufu kali, na kupungua uzito kidogo kidogo.

Utafiti mkubwa uliofanywa kati ya 2007 na 2011 katika nchi saba za Afrika na Asia, kituo chake cha Kenya kikiwa Siaya, ulionyesha kwamba kuhara kukali kwa watoto wadogo kunasababishwa zaidi na vijidudu vichache: virusi vya rota, kriptosporidiamu, bakteria wa koli wenye sumu, na shigela. Ameba, ambayo husingiziwa kila tumbo linalouma katika miji ya Bonde la Ufa, haimo katika safu hiyo ya mbele. Julai 2014 Kenya ilianza kutoa chanjo ya virusi vya rota kwa watoto wachanga katika kliniki zote, na katika miaka iliyofuata watoto waliolazwa kwa virusi hivyo katika hospitali zilizofuatiliwa Siaya na Kilifi walipungua kwa zaidi ya nusu. 

Bonde la Ufa la kati lina mazingira yake. Kaunti ya Nakuru ilikuwa na watu zaidi ya milioni 2.1 katika sensa ya 2019, na mji wenyewe ulitangazwa rasmi kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021. Watu wameongezeka kwa kasi kuliko mabomba. Katika mitaa kama Kaptembwa, Rhonda na Kivumbini familia nyingi hutumia choo cha shimo kimoja kwa ploti nzima, na mashimo hayo yamechimbwa katika udongo wa majivu ya volkano ambao hubomoka upesi mvua ikinyesha. Maji ya mfereji huja kwa zamu. Siku yasipokuja, mtungi hununuliwa kwa mwenye mkokoteni au mwenye punda, na hakuna ajuaye mtungi huo ulioshwa lini. Hata maji yaliyotoka safi kwenye bomba huchafuka njiani, kwenye mtungi, kwenye kata inayochotewa na kila mkono wa nyumba. Mwaka wa 2020 Ziwa Naivasha lilipopanda, nyumba za mtaa wa Kihoto zilizama pamoja na vyoo vyake, na maji ya ziwa yakachanganyika na yaliyomo mashimoni. Mvua ya masika, kati ya Machi na Mei, hufanya jambo hilo hilo kwa kiasi kidogo kila mwaka mahali pengi ambapo hapafiki kamera.

Kuna jambo moja la maji ya Nakuru ambalo huwachanganya watu. Visima vingi vya bonde hili vina madini ya floridi kwa wingi, nayo ndiyo yanayoacha meno ya kahawia kwa watoto waliokulia huku. Mradi wa maji wa Dayosisi ya Kanisa Katoliki ya Nakuru umekuwa ukitengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa ili kuyaondoa. Kichujio hicho kinafaa sana kwa kazi yake, lakini hakikutengenezwa kuua vijidudu vya kuhara. Kuchemsha nako huua vijidudu na hakuondoi floridi. Nyumba yenye shida zote mbili inahitaji kufanya yote mawili. Wenyeji wa Molo, ulioko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, wanajua kwamba githeri huko huchelewa kuiva kwa sababu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Hata hivyo joto hilo linatosha kuua vijidudu, mradi maji yaendelee kutokota kwa dakika tatu badala ya moja. Dawa ya maji yenye klorini husaidia dhidi ya bakteria na virusi vingi, ila kriptosporidiamu huistahimili.

Yote yaliyosemwa kuhusu kuisha kwenyewe yana mpaka, na mpaka huo ni maji ya mwili. Anayehara hupoteza maji pamoja na chumvi. Mtoto wa kilo nane hana akiba kubwa: akipoteza nusu lita tu bila kurudishiwa, tayari yuko hatarini, na akikaribia lita moja anaweza kufa. Kipindupindu huharakisha hesabu hiyo kwa namna ya kutisha, kwani mgonjwa mzito anaweza kumwaga hadi lita moja kwa saa, choo kikifanana na maji yaliyooshea mchele. Akiachwa hivyo, anaweza kufa siku ile ile alipoanza kuumwa. Kati ya wagonjwa wazito wa kipindupindu wasiotibiwa, hadi nusu hufa. Wakipewa maji kwa wakati, hufa chini ya mmoja kwa kila mia. Tofauti hiyo kubwa haitokani na dawa ya kufupisha siku, inatokana na maji.

Afrika Mashariki imeuona ukweli huo kwa gharama kubwa. Kipindupindu kiliingia Kenya mwaka wa 1971 na hakijaondoka kabisa. Mlipuko ulioanza mwisho wa 2014 ulisambaa hadi kaunti nyingi, Nakuru ikiwemo, na ule wa Oktoba 2022, ulioanzia kwenye sherehe ya arusi kaunti ya Kiambu, ulifika Nakuru pia. Milipuko hiyo ni midogo ukilinganisha na ule wa Goma, mashariki mwa Kongo, Julai 1994. Mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walijikuta juu ya mwamba wa volkano ambao hauchimbiki choo wala kisima, na katika mwezi wa kwanza karibu watu 50,000 walikufa, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Magonjwa yale hayakuwa mapya, na matibabu yake yalikuwa yakijulikana kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka wa 1971, katika kambi ya wakimbizi wa Bangladesh kule Bangaon, India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya mishipa, akaamua kuwapa wagonjwa maji yenye sukari na chumvi wanywe kwa mdomo, jamaa zao wakiwanywesha. Vifo vilishuka kutoka karibu 30 kwa mia hadi chini ya 4.

Maji hayo, ambayo leo huuzwa kwa pakiti za ORS, yanafanya kazi kwa sababu kuhara hakufungi njia zote. Seli za utumbo zina mlango unaopokea sukari na chumvi kwa pamoja, na huo hubaki wazi hata kipindupindu kikiwa kikali. Sukari na chumvi zikipita, maji huzifuata. Ndiyo maana maji matupu hayatoshi, na soda au sharubati yenye sukari nyingi hudhuru, kwa kuwa sukari iliyozidi huvuta maji kutoka mwilini kuyaingiza utumboni. Pakiti nyingine hupimwa kwa nusu lita na nyingine kwa lita moja, hivyo maandishi yake yasomwe kabla ya kuchanganya. Pasipo pakiti, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa sawa bila kujaa kilima, huchanganywa katika lita moja ya maji safi. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto; ni afadhali ipungue. Mchanganyiko uliokaa saa 24 humwagwa.

Baada ya kila choo cha maji, mtoto wa chini ya miaka miwili hupewa mililita 50 hadi 100, yaani robo hadi nusu ya kikombe kidogo cha chai. Wa miaka miwili hadi kumi hupewa maradufu ya hapo. Mkubwa hunywa kadiri anavyotaka. Akitapika, angojewe dakika kumi kisha aendelee kwa kijiko, taratibu. Jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi ni kwamba ORS haifupishi ugonjwa wala haipunguzi sana idadi ya haja. Mama anayemnywesha mwanawe asubuhi na kuona bado anahara jioni hudhani haifanyi kazi, akaiacha. Inafanya kazi yake: macho ya mtoto hayajatumbukia, anakojoa, analia kwa machozi.

Kinachofupisha siku kwa mtoto ni madini ya zinki, na hata hayo hufupisha kwa kiasi. Tangu 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wamependekeza kidonge cha zinki kila siku kwa siku 10 hadi 14. Kwa mtoto wa zaidi ya miezi sita, ugonjwa hupungua kwa karibu nusu siku, na kwa aliyedhoofika kwa njaa, karibu siku nzima. Kidonge huyeyushwa kwenye kijiko cha maji au maziwa ya mama. Watoto wengi hukitapika, na hilo lilipata jibu mwaka wa 2020 kutokana na utafiti wa watoto 4,500 wa Dar es Salaam na New Delhi: dozi ndogo ya miligramu 5 au 10 ilifanya kazi sawa na ile ya 20, na kutapika kukapungua. Vidonge hivyo huendelea kutolewa hata kuhara kukishakoma, na hapo ndipo nyumba nyingi huviacha mapema.

Dawa za kuua bakteria ni habari nyingine. Katika maduka ya dawa ya Nakuru, kama kwingineko Kenya, anayelalamika tumbo la kuendesha huondoka mara nyingi na vidonge vya Flagyl. Dawa hiyo hutibu ameba na giadia. Haigusi virusi vya rota wala noro, haigusi salmonela wala shigela, ambavyo kwa pamoja ndivyo chanzo cha visa vingi zaidi. Umaarufu wake unatokana na kalenda. Mtu huanza kuhara Jumatatu, huvumilia, Jumatano hununua vidonge, Alhamisi tumbo linatulia kama ambavyo lingetulia bila chochote, na sifa zote humwendea muuza dawa. Utafiti mwingine wa nchi saba, Kenya na Tanzania zikiwemo, uliwapa watoto zaidi ya 8,000 wenye kuhara maji maji kukali ama azithromaisini ama kidonge kisicho na dawa. Matokeo yaliyotolewa mwishoni mwa 2021 yalionyesha kwamba dawa hiyo haikuokoa maisha zaidi. Kwa salmonela ya kawaida, dawa za namna hiyo zinaweza hata kumfanya mtu aendelee kubeba bakteria kwa muda mrefu zaidi. Dawa za kufunga tumbo, kama loperamaidi, hazipewi mtoto mdogo kabisa, wala mtu yeyote anayehara damu au mwenye homa kali, maana huwafungia vijidudu ndani.

Penye haja ya dawa, haja hiyo ni ya kweli. Kuhara damu kwa mtoto hutibiwa na daktari au mhudumu wa kliniki kwa dawa ya bakteria iliyochaguliwa, kwa sababu shigela ikiachwa huweza kuleta degedege, kutoboka kwa utumbo na kifo. Kipindupindu kikali hupunguzwa karibu nusu ya siku zake kwa doksisaiklini, baada ya maji kurudishwa. Giadia na ameba iliyothibitishwa maabara hupewa dawa yake. Basi dawa hufuata chanzo, na ni vigumu kukijua chanzo kwa kusimama kwenye kaunta ya duka.

Kuhara kunakovuka siku 14 kunahitaji uchunguzi, hata mgonjwa akiwa anatembea. Wilaya ya Rakai, kusini mwa Uganda, ilikuwa mahali pa kwanza katika kanda hii ambapo madaktari walieleza kwa kina ugonjwa wa kuhara na kukonda usioisha. Taarifa yao ya 1985 ilionyesha uhusiano wake na virusi vya ukimwi. Kriptosporidiamu na vimelea wenzake, ambao kwa mtu mwenye kinga huondoka wenyewe, kwa mgonjwa mwenye virusi hivyo hawakuwa na mwisho. Dawa za kupunguza makali ya virusi zimebadilisha hali hiyo kabisa, na kwa sababu hiyo kipimo cha ukimwi ni miongoni mwa mambo ya kwanza mtu anayehara kwa wiki kadhaa anapaswa kupewa. Vyanzo vingine vya kuhara kusikoisha ni pamoja na kifua kikuu cha utumbo, ugonjwa wa tezi ya shingo, kisukari cha muda mrefu na uvimbe wa utumbo mpana. Wapo pia wale ambao tumbo lilishapona lakini likabaki jepesi kukasirika kwa miezi. Huwapata karibu mtu mmoja kati ya kumi baada ya kuhara kukali.

Katika nyumba zenye watoto wa miezi sita hadi miaka miwili, kuhara mara nyingi huambiwa ni meno. Meno hayasababishi kuhara. Umri huo ndio mtoto anapoanza kutambaa, kutia kila kitu mdomoni, na kula uji uliopikwa asubuhi na kubaki hadi alasiri. Imani hiyo ni ya hatari kwa sababu humfanya mzazi angoje. Ipo pia desturi ya kumnyima mgonjwa chakula ili tumbo lipumzike, hali utumbo unahitaji chakula ili ukuta wake uote. Mtoto aendelee kunyonya, tena mara nyingi zaidi. Aliyeanza kula apewe uji, ugali laini, viazi vilivyopondwa, ndizi, mayai. Akionekana kuhara zaidi kila akinywa maziwa ya ng'ombe, maziwa lala humfaa zaidi, kwa kuwa sukari ya maziwa imepungua ndani yake. Seli zinazomeng'enya sukari hiyo ndizo za mwisho kurejea, na huchukua wiki moja au mbili.

Dalili za hatari hazingoji siku yoyote. Mtoto mwenye macho yaliyotumbukia, asiyetulia au aliyelegea, anayekunywa kwa pupa au asiyeweza kunywa, ambaye ngozi ya tumbo lake ikifinywa huchelewa kurudi, au mchanga ambaye utosi wake umebonyea, anahitaji kituo cha afya saa hiyo hiyo. Hivyo hivyo mtoto wa chini ya miezi miwili, mwenye damu kwenye choo, anayetapika kila kitu, au asiyekojoa kwa saa sita. Mtu mzima asiyepata nafuu baada ya siku mbili au tatu, mzee, mjamzito na mwenye kisukari wasikae nyumbani kuhesabu. Na mwenye choo cha maji ya mchele asingoje hata saa moja. Kwa familia za Kuresoi au za mabonde ya Subukia, ambako safari ya kwenda hospitali ni ndefu, ORS huanza kunyweshwa nyumbani na kuendelea njiani juu ya bodaboda. Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 wamekabidhiwa vifaa vya kazi kote nchini, na kumtibu mtoto anayehara kwa ORS na zinki ni sehemu ya kazi yao vijijini na mitaani.

Choo kikishakuwa kigumu, kijidudu bado hakijaondoka. Virusi vya noro huendelea kutoka kwa wiki mbili au zaidi, na salmonela kwa wiki kadhaa. Mpishi wa kibanda, mama wa chakula shuleni na anayekama maziwa wanapaswa kukaa mbali na kazi hiyo kwa saa 48 baada ya kuhara kukoma, na kunawa kwa sabuni baada ya choo kwa muda mrefu zaidi ya hapo. Kinyesi cha mtoto hutupwa chooni kama cha mtu mzima. Mtoto mwenyewe hupewa mlo mmoja wa ziada kila siku kwa wiki mbili, na akiwa alipungua uzito, mlo huo huendelea mpaka mizani ya kliniki ionyeshe uzito aliokuwa nao kabla ya kuugua.